Suuza Mara Tatu, Toboa

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimeliokota kwenye gunia la taka za shamba, katikati ya viriba vya miche. Kurasa za mwanzo zina majina ya mbegu. Zilizobaki ni zangu. Shule niliachia darasa la sita, lakini mwandiko wangu mwalimu aliusifu mbele ya wenzangu. Basi acha niandike.

Mambo ni haya. Jana mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Bila kuinua uso akasema wifi yangu atakuja Jumamosi ya wiki ijayo kumchukua Kijino akakae naye. Kijino ni binti yangu. Ana mwaka mmoja na nusu, meno sita, na anacheka hata na ukuta. Wifi hana mtoto. Ana nyumba ya vigae, ana friji, ana mume anayerudi nyumbani. Wangu alikwenda kutafuta kazi ya ujenzi kabla ya mvua za mwaka jana. Mvua zimekuja, zimeondoka. Yeye bado.

Nikasema nitapata kazi. Mama mkwe akasema amechoka na "nita" zangu, mtoto hanyonyi "nita".

Lakini kazi ipo! Kituo cha plastiki nyuma ya soko wanataka mchambuzi mmoja wa kudumu. Plastiki zote kuukuu za mashambani na bustanini huishia pale: mipira ya kumwagilia, nailoni nyeusi za kutandika kwenye matuta, viriba, madumu ya dawa. Zinachambuliwa, zinakandamizwa kuwa robota, zinakwenda kiwandani kugeuzwa nguzo za uzio. Na ukiwa wa kudumu, mtoto wako anakaa chumba cha pembeni ya ofisi. Nimechungulia. Kuna mkeka, kuna midoli, kuna bibi wa kuwaangalia. Ningekuwa nachambua huku namsikia Kijino akicheka na ukuta wao.

Msimamizi amesema atakayeleta mzigo mwingi na safi mpaka wiki ijayo ndiye atakayeingia. Tulianza kumi na mmoja. Tumebaki wawili, mimi na Kibiriti. Kibiriti ni mjane, mwembamba, anawaka kwa neno moja. Mikono yake ina nguvu kama koleo.

Ukutani pametundikwa kibao: SUUZA MARA TATU. TOBOA. LETA. Nimekipenda. Ni kama vile vya shuleni, "Jitahidi. Faulu." Unasuuza, unatoboa maisha, unaleta. Hata kibao kinaniombea mema.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza. Nailoni ya shamba ikiwa na udongo ni nzito. Ikiwa safi ni nyepesi kama uongo. Sasa, kwa nini nioshe udongo wote? Nikaosha juu. Ndani nikaacha, nikakunja vizuri kama shuka za wageni.

Mizani ilishuka mpaka mnyororo ukalia. Msimamizi akanitazama, akaitazama mizani, akauliza kama nimeleta nailoni au nimeleta shamba lenyewe. Akashika ncha moja akakung'uta. Udongo ukamwagika miguuni pake, na mdudu mmoja akatoka akaenda zake.

Kibiriti akasema kwa sauti kwamba huyo mdudu naye apimwe, ni haki yake.

Nimefagia banda zima. Kijino mgongoni alikuwa anapiga makofi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefikiri siku nzima jana. Tatizo langu ni kusubiri taka zitoke. Inatakiwa nizifuate zilipo.

Leo alfajiri nikaenda kwa mkulima wa nyanya, nikamwomba nailoni zake zilizochakaa. Mtu mpole. Alikuwa anapiga mswaki. Akasema kwa povu mdomoni nichukue za kule mwisho, zimeshazeeka. Nikashukuru nikaondoka mbio kabla Kibiriti hajafika.

Shamba lina mwisho pande mbili. Hilo sikuuliza. Nikaenda mwisho wa karibu.

Nailoni zilikuwa imara ajabu. Nikajiambia, huyu bwana anatupa vitu vizuri, watu wenye nacho hawajui thamani. Nikavuta tuta la kwanza, la pili, la tatu. Nyanya zilikuwa zimeanza maua. Nyingine zikafuatana na nailoni. Nikazirudisha kwenye udongo nikazipapasa, kama unavyomrudishia mtoto blanketi.

Mkulima akaja. Akasimama. Akainama, akaokota ua moja la nyanya, nami nikaona ni afadhali angepiga kelele. Akasema anamstahi mtoto aliye mgongoni, si mimi. Akasema nitandike upya, matuta yote matatu, na udongo niukandamize kingoni kwa mikono.

Nimetandika mpaka saa tisa. Saa nne nilimwona Kibiriti akipita kule mwisho mwingine na mzigo mkubwa kichwani, nailoni kuukuu zimechanika vizuri kabisa. Akanipungia. Akasema pole na kilimo, shoga.

Mgongo unaniuma mpaka kwenye kalamu. Lakini mkulima mwishoni alinihurumia. Amesema nije kesho, ana madumu ya dawa matupu stoo, mengi.

Ijumaa, 8 Machi

Madumu kumi na mawili! Mekundu, meupe, mifuniko kamili. Kibiriti hana hata moja.

Kazi ikawa kusuuza. Mara tatu, kibao kimesema. Lakini maji natoa kisimani kwa wale wa jirani, ndoo moja kwa foleni ya saa nzima, na Kijino analia akiona ndoo. Nikatumia akili. Maji ya dumu la kwanza nikayamimina la pili, ya la pili nikayamimina la tatu. Maji yaleyale yamesuuza mara tatu. Ndoo moja ikatosha madumu yote. Mwalimu wangu wa hesabu angekuwepo angelia machozi.

Maji ya mwisho yalikuwa meupe kama maziwa. Nikayamwaga kwenye shina la boga la mama mkwe, maana maji hayatupwi.

Nimenawa mikono kabla ya kumnyonyesha Kijino. Sabuni mara mbili. Mimi kwenye mtoto sina mchezo.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui niandikeje.

Nilifika kituoni saa mbili, madumu yamefungwa kwa kamba, yanang'aa. Msimamizi akayazunguka. Nikaona amefurahi. Kisha akasema, dada, hujatoboa.

Neno likanichoma. Lakini ni kweli, nimetoboa wapi mimi? Chumba kimoja, mume hayupo, kiatu cha kushoto kimefungwa waya. Nikainamisha kichwa nikajibu kwa adabu kwamba bado, ila nitatoboa, Mungu akijalia.

Akasema si habari ya Mungu kujalia, ni leo leo. Nikauliza, leo? Akasema ndiyo, yeye anakwenda mjini, akirudi saa kumi anikute nimeshatoboa.

 Nikaelewa anakwenda kwa wakubwa kunisemea. Kibiriti alikuwa pembeni anafunga viriba. Akaniangalia sana, kisha akasema hongera, mdogo wangu, wengine tunahangaika miaka, wewe unaambiwa na saa kabisa.

Nikakaa kwenye benchi. Nikamfuta Kijino uso, nikamchana nywele kwa vidole, nikamfundisha kusema "shikamoo" kwa ajili ya wakubwa. Anasema "moo" tu. Saa sita, saa nane. Nikakataa hata kwenda msalani.

Saa kumi msimamizi akarudi. Akaniona mimi, akayaona madumu. Akauliza nimefanya nini tangu asubuhi. Nikasema nimesubiri, kama ulivyoniagiza. Akasema madumu haya hayapokelewi, nitoke nayo, banda linafungwa. Kibiriti alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga na mabega yanamtikisika.

Nimerudi nayo yote kumi na mawili. Jumamosi ijayo wifi anakuja.

Jumapili, 10 Machi

Mpango mpya, na huu ni wa moyo, si wa mizani. Kama kituo hakinitaki, nimlainishe mama mkwe.

Nikachagua dumu moja jekundu, zuri kuliko yote, mpini wake unakaa mkononi kama limetengenezwa kwa ajili yako. Nikalijaza maji ya kisima, nikampelekea chumbani. Nikamwambia mama, nimeona unakunywa kwenye chungu chenye ufa, hili ni lako peke yako.

Akaligeuza, akalinusa. Akasema lina harufu ya duka. Akasema tangu aolewe hakuna aliyemletea kitu kipya bila kukiomba. Na akaniita mwanangu.

Miaka mitatu ndani ya nyumba hii. Nimeitwa wewe, nimeitwa huyu, nimeitwa mke wa mwanangu. Mwanangu, leo.

Kijino akatambaa kulishika. Mama mkwe akampiga kofi la mkono, akasema maji yangu haya, mtu asiyaguse, akalisukuma chini ya kitanda. Mtoto alilia. Uchoyo wake mama mkwe unajulikana mtaa mzima. Lakini leo sikukasirika.

Jioni nikamsikia anaongea kwenye simu ya jirani. Anamwambia wifi labda asubiri kwanza, huyu binti naona anaanza kupata akili.

Jumatatu, 11 Machi

Nimejua maana ya kibao.

Kibiriti mwenyewe alinieleza, akicheka mpaka akakohoa. Kutoboa ni kutoboa. Unachukua msumari na nyundo, unalitoboa dumu tako na ubavu, ili mtu asije kulitumia tena kwa maji wala mafuta ya kula. Akachukua dumu langu, akapiga mara mbili. Tundu. Akaniuliza mimi nilidhani nini. Nikasema nilidhani hivyohivyo.

Nikamuuliza, likisuuzwa vizuri sana, je? Akaacha kucheka. Akasema sumu haina adabu, mdogo wangu, inaingia kwenye plastiki na kukaa humo. Akasema na zile mara tatu ni maji mapya kila mara, dumu moja moja.

Nimetoboa kumi na moja. Msimamizi ameyapokea, akasema afadhali.

La kumi na mbili liko chini ya kitanda cha mama mkwe.

Nilirudi nyumbani na msumari kwenye pindo la kanga. Niliingia mpaka mlangoni pake. Alikuwa amekaa, anakunywa, akasema mwanangu, pita. Nimtobolee dumu lake, nimwambie nini? Kwamba nilimpa taka za sumu? Kesho angempigia wifi aje na gari. Nikasema moyoni, maji ya jana na ya leo ameshayakunywa na yuko hapa anatafuna muwa. Mtu mzima ana tumbo gumu. Nikapita, nikakaa, nikamkanda miguu.

Nitalibadilisha polepole. Nitamtafutia jingine linalofanana.

Jumanne, 12 Machi

Boga limenyauka. Shina lote jeusi, majani yamejikunja kama mikono ya mzee. Mama mkwe anasema ni jicho la Kibiriti, alipita juzi akalisifia. Nikaitikia. Huyo mwanamke sijawahi kumwamini.

Mama mkwe hajala vizuri. Anasema mate yanamjaa mdomoni. Amekunywa maji mengi kuyateremsha.

Jumatano, 13 Machi

Naandika nje ya wodi. Kijino amelala mapajani.

Asubuhi nilimkuta sakafuni. Jasho, povu, anatetemeka mwili mzima, macho yamebaki vitundu vidogo kama vya sindano. Nilipiga yowe. Aliyekuja kwanza, mbele ya majirani wote, ni Kibiriti, alikuwa anapita na gunia. Akalitupa gunia, akambeba mama mkwe mgongoni kama mtoto, mpaka barabarani. Mimi nilimbeba Kijino na nikabeba kiatu kimoja cha mama mkwe, sijui kwa nini.

Daktari akauliza amekunywa nini. Nilitaka kusema sijui. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikamwona mama mkwe anavyoning'inia, nikasema yote, dumu, msumari, muwa, yote.

Daktari hakunigombeza. Aliandika tu, na hiyo ni mbaya zaidi. Kisha akauliza, na mtoto?

Hapo nikambana Kijino kifuani. Wakamchukua Kijino, wakamtazama macho, wakamsikiliza kifua. Yeye akawachekea. Hana kitu. Hajaonja hata tone. Kila alipolifuata lile dumu bibi yake alimchapa mkono.

Uchoyo wa mama mkwe umeniachia mtoto. Nimelia mpaka nesi akanipa kitambaa.

Wakamvua mama mkwe nguo, wakamwosha mwili mzima kwa sabuni. Nesi akasema dawa hizi zinapita hata kwenye ngozi, hata kwa kumwagikiwa tu. Nikaitikia. Nadhani wanapenda usafi sana hapa.

Alhamisi, 14 Machi

Mama mkwe atapona. Mkono wa kushoto unatetemeka na daktari hajui kama utaacha. Alifungua macho akaniona, akaangalia upande mwingine. Hakuniita kitu.

Wifi amefika, siku mbili kabla. Nilijiandaa kwa matusi, hata majibu nilikuwa nimeyapanga. Hakutukana. Alimkalisha Kijino mapajani, akamkata kucha zilizokuwa ndefu, taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akasema, wifi yangu, mimi sikunyang'anyi. Nampumzisha tu mpaka utulie. Akasema na mama naye atamchukua.

Ningejua kupigana na mtu mbaya. Huyu nilimsaidia kumkata Kijino kucha za mkono wa pili.

Jumamosi, 16 Machi

Wameondoka saa tatu. Kijino alidhani ni matembezi. Alipiga kioo cha gari kwa kiganja, akasema "moo". Nimemfundisha mwenyewe.

Chumba kikiwa kitupu kina mlio. Sikujua.

Saa sita msimamizi akamtuma mlinzi kuniita. Nikaenda kama nilivyo, bila kuosha uso. Akasema kazi ni yangu. Mzigo wa Kibiriti ulikuwa mkubwa kushinda wangu, mbali kabisa, lakini Kibiriti alikuja Jumatano jioni, kabla hajajua ya wifi, akasema apewe yule mwenye mtoto, ndiye mwenye shida ya chumba chenye mkeka. Yeye ataendelea kuokota.

Msimamizi akafungua kile chumba nikione. Mkeka, midoli, bibi anasinzia. Akaniuliza mtoto yuko wapi.

Nikasema amesafiri kidogo.

Njiani nimewaza. Kibiriti haachii kitu bure. Ana lake. Nitamchunguza.

Jumatano, 20 Machi

Kazi yangu ni kutoboa. Ndiyo niliyopangiwa. Nyundo, msumari wa inchi sita, gogo la kuwekea. Dumu, mara mbili, tupa. Dumu, mara mbili, tupa. Wenzangu wananiita Mama Toboa. Wanacheka, nami nacheka. Mchana nakula nimekaa kwenye mlango wa chumba cha mkeka.

Nesi alimwambia msimamizi yaliyotokea, naye akanihutubia mbele ya wote kuhusu sumu. Nilisikiliza kila neno. Nimeelewa kosa langu lilikuwa wapi: maji yalikuwa mamoja. Kibiriti alishasema, kila mara maji mapya.

Wifi amepiga simu kwa jirani. Kijino ametoa jino la saba. Wiki ijayo naruhusiwa kwenda kumwona. Wifi anasema amekuwa anaogopa kuoga, labda bafu lao kubwa, labda amezoea mkono wangu na dumu letu la zamani lililopasuka.

Mtu haendi kumwona mtoto mikono mitupu.

Leo kwenye gogo limekuja dumu dogo la bluu. Zuri, jamani. Mdomo mpana, mpini wa kukaa kwenye mkono wa mama, saizi ya mtoto hasa. Niliinua nyundo, nikaishusha chini. Msimamizi alikuwa kwenye mizani.

Nimelisuuza. Maji mapya kila mara, na si mara tatu kama wao. Mara nne. Nimelianika juani, sasa liko kwenye mfuko, nimelifunga utepe wa viriba.

Na mimi si mjinga, nimeshafunzwa. Halitakuwa la kunywea hata kidogo. Ni la maji ya kumwogeshea tu.